Kuhifadhi chambo cha baharini kati ya giza na maji mafu

Anayevua kwa mshipi katika pwani yetu hugundua mapema kwamba bahari haimpi chambo siku ile ile anayokihitaji. Vibua na dagaa hupatikana kwa wingi wakati wa giza, kwa sababu huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za mtando, na mbalamwezi ikishawaka taa hizo hazina tena nguvu ya kuwakusanya. Pweza hutafutwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mno na miamba ikabaki wazi. Lakini sisi tunaopenda kuwafuata changu na tewa kwenye maji ya kina huyasubiri maji mafu, kwa kuwa mkondo wakati huo ni mdogo na chubwi, yaani kizito cha mshipi, hukaa chini badala ya kuburuzwa. Kwa hiyo juma lenye chambo kizuri na cha bei nafuu mara nyingi silo juma la kwenda baharini, na asiyejua kukitunza hujikuta akinunua asubuhi ya safari chochote kilichobaki sokoni, kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Ninaandika kama mtu wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambaye huvua mwishoni mwa juma kwa ajili ya kitoweo na raha ya nafsi, wala si kama mvuvi anayelisha nyumba yake kwa bahari. Huyo wa pili anayajua mengi ya haya kuliko mimi, na baadhi yake nimeyapata kwake. Ninaowaandikia hasa ni wenzangu wa mwishoni mwa juma, ambao huchagua nailoni na ndoana kwa makini kama wachaguao mahari, wakalipia mafuta ya mashine bila kunung'unika, kisha chambo wakakiweka katika ndoo isiyo na kifuniko chini ya ubao wa mashua, juani, hadi saa sita mchana.

Ipo imani iliyoenea kwamba chambo kikinuka ndipo samaki wanapokuja, na kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na barafu. Imani hiyo ina ukweli wa nusu. Samaki wengi wa miamba huwinda kwa kunusa sawa na wanavyowinda kwa kuona, lakini wanachokifuata ni asidi amino na viambato vingine vinavyoyeyuka majini kutoka katika nyama ya kiumbe aliyekufa karibuni, na pua zao huvitambua hata vikiwa vichache mno. Nyama ikioza, bakteria huvila viambato hivyo na kuacha amonia na uvundo mwingine unaotusumbua sisi zaidi ya unavyomvutia changu. Hongwe, mkunga, kaa na baadhi ya papa hawajali, na anayewataka hao anaweza kuchukua chambo cha juzi akafanikiwa. Anayemtaka tewa au kolekole anapaswa kufikiri vinginevyo.

Tena, kuoza hakubadilishi harufu peke yake, bali huilegeza nyama, na nyama iliyolegea haikai kwenye ndoana. Bunju na kikande, ambao midomo yao midogo imeumbwa kwa kung'ata na kunyofoa, huimaliza kabla mshipi haujatulia chini, nawe unabaki umeshikilia uzi ukidhani samaki hawapo. Nahodha mmoja mzee tuliyekuwa naye nje ya kisiwa cha Mbudya alimtazama kijana aliyekuwa akiweka kipande cha dagaa kilichokwisha kuwa uji, akamwambia, "Mwanangu, huvui, unafuga bunju." Kijana akajibu, "Shikamoo mzee," kwa aibu, ingawa alikwisha kumwamkia alfajiri.

Vinavyokiharibu chambo ni vingi, na havifanani. Kwanza kuna vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe, ambavyo haviachi kufanya kazi mnyama anapokufa. Dagaa aliyekufa akiwa ameshiba hupasuka tumbo baada ya saa chache kwa sababu vimeng'enya vya tumboni humla yeye mwenyewe. Pili kuna bakteria, ambao kwenye nyuzi 30 huongezeka kwa kasi isiyolinganishwa na ile ya kwenye sifuri. Tatu ni hewa, ambayo huyachachisha mafuta ya samaki kama kibua hata akiwa ndani ya friza. Na nne, ambayo watu wengi hawaihesabu kabisa, ni maji yasiyo na chumvi, yakiwemo yale yanayotoka katika barafu yenyewe. Ningeulizwa ni lipi kati ya hayo linaloharibu chambo kingi zaidi katika mashua zetu, ningelitaja hili la mwisho.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Nyama ya ngisi au ya kamba imezoea kuzungukwa na maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Ikizamishwa katika maji ya bomba au ya barafu iliyoyeyuka, huyanywa maji hayo, ikavimba, ikapauka na kuwa telezi, huku zile asidi amino zinazomvutia samaki zikitoka na kubaki ndani ya ndoo. Ngisi aliyelala usiku kucha katika maji ya barafu huonekana mkubwa na mweupe kuliko jana yake, na mtu asiyejua humsifu. Ukimpitisha kwenye ndoana ndipo utakapoona nyama inapasuka pembeni mwa tundu badala ya kuibana chuma. Wapo wauzaji wanaowaloweka ngisi kwa makusudi ili waongezeke uzito, na muuzaji wa namna hiyo alikwisha kuniuzia mfuko mzima ambao nusu yake ilikuwa maji.

Kwa hiyo utunzaji wa chambo huanzia pale unaponunua. Nikienda Feri, soko la samaki la Magogoni, huenda alfajiri, nikiwa na deli langu, yaani sanduku la kutunza baridi, lenye barafu tayari, kwa kuwa safari ya kutoka Magogoni hadi Kunduchi katika foleni ya asubuhi inatosha kabisa kuiharibu kazi ya usiku mzima. Ngisi aliyetoka majini karibuni ngozi yake ina madoadoa ya rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, yaliyojitenga wazi, na nyama iliyo chini yake bado inapitisha mwanga kidogo. Baada ya muda nyama hiyo hugeuka nyeupe kama maziwa, na huyo bado anafaa. Baadaye rangi ya madoadoa hutawanyika na kuipaka nyama nzima uwaridi, na hapo ni afadhali kumwacha, hata kama muuzaji anakuita kaka na kukushushia bei. Kibua mimi humtazama macho na mashavu, lakini zaidi ya hapo humbonyeza tumbo, maana likiwa laini kuliko mgongo vimeng'enya vimekwisha kuanza kazi. Kamba huonyesha umri wake kichwani, ambako weusi hujitokeza kwanza na kusambaa kuelekea kwenye miguu. Weusi huo peke yake hauna madhara kwa chambo, ila kamba mwenye kichwa cheusi kilicholegea hatamaliza siku nyingine.

Kuhusu barafu nina mambo mawili tu ya kusisitiza, yaani kiasi chake na namna ya kuitenga na chambo. Kumpoza samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 30 hadi karibu na sifuri huhitaji kama theluthi ya kilo ya barafu, endapo joto la nje lisingeingia kabisa. Katika deli halisi linalofunguliwa kila baada ya dakika kumi na mtu anayetafuta soda, hesabu hiyo haitoshi, ndiyo maana kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya chambo ni kipimo cha busara zaidi kwa siku moja ya hapa kwetu. Barafu ya mapande hudumu kuliko iliyopondwa, lakini iliyopondwa hupoza haraka kwa sababu hugusa kila upande. Mimi huweka pande chini na iliyopondwa juu yake. Chambo chenyewe hukaa katika kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na kopo ndilo linalozungukwa na barafu. Kizibo cha deli, kama kipo, hubaki wazi ili maji yatoke. Kama hakipo, weka ubao au kopo tupu chini ili chambo kisifikiwe na maji.

Mwenye samaki wadogo wengi wa kupoza kwa mara moja, mathalani ndoo ya vibua iliyoshushwa sasa hivi, anaweza kutumia njia nyingine iliyo bora zaidi katika nusu saa ya kwanza, nayo ni kuchanganya barafu iliyopondwa na maji ya bahari hadi ipatikane rojo. Maji ya bahari huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo rojo hilo huwa baridi kuliko barafu ya kawaida, nalo humzunguka samaki bila kuacha mwanya. Ukiongeza konzi mbili za chumvi ya mawe utalipata baridi zaidi. Samaki hukaza mwili humo, magamba yake hayatoki, na tumbo lake halipasuki. Wasiachwe humo siku nzima, kwa maana barafu ikizidi kuyeyuka maji hupungua chumvi na tunarudi kwenye tatizo lile lile.

Sasa niseme juu ya chumvi, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika makala hii, kwa kuwa naona inasahaulika kadiri friza zinavyoongezeka majumbani. Bibi na babu zetu waliokula papa ng'onda hawakuhitaji kuelezwa kwamba chumvi huvuta maji kutoka katika nyama na kuwanyima bakteria mahali pa kuishi. Walichokuwa hawakifanyi mara nyingi ni kukifanyia chambo kazi hiyo hiyo, kwa sababu chambo kilikuwepo. Kwetu sisi chumvi ina faida mbili ambazo friza haina: haikatiki kama umeme, na huikaza nyama badala ya kuilegeza. Chumvi ninayotumia ni ya mawe, ile inayovunwa katika mashamba ya chumvi ya pwani, na hapa Kunduchi mashamba hayo yapo karibu na mikoko. Ya mezani haifai sana, si kwa sababu ya madini joto yaliyomo, bali kwa sababu chembe zake ni ndogo mno. Hukausha tabaka la juu kwa haraka na kulifanya gumu, kisha nyama ya ndani ikabaki mbichi na kuanza kunuka katikati.

Kibua hulazwa ubavu juu ya ubao uliokauka. Kisu huingia nyuma ya shavu hadi kigonge uti, kikageuzwa na kuteremshwa hadi mkiani kwa mkupuo mmoja, na minofu miwili ikitoka huachwa na ngozi yake, kwa maana ngozi ndiyo itakayoishika ndoana. Mnofu haukoshwi kwa maji ya bomba. Kama una damu nyingi, hupanguswa kwa kitambaa au kusuuzwa kwa maji ya bahari. Chini ya kopo lililotobolewa matundu madogo hutandazwa chumvi ya unene wa kidole, minofu hulazwa ngozi ikiwa chini bila kulaliana, kisha hufunikwa kwa chumvi hadi isionekane, halafu tabaka jingine, na kuendelea. Kopo huwekwa juu ya bakuli. Kabla hujamaliza kunawa mikono utaona tone la kwanza limekwisha kuanguka, na asubuhi bakuli litakuwa na maji mazito ya rangi ya kahawia yenye harufu kali ya samaki. Maji hayo humwagwa, minofu hupakuliwa na kuwekwa katika chumvi mpya, na kufikia jioni ya siku ya pili imesinyaa, imekuwa ya manjano kidogo, na ukiivuta kwa vidole huvutika bila kukatika. Hapo huikata vipande virefu vyembamba, kwa kufuata urefu wa mwili, nikaviweka katika kopo dogo pamoja na chumvi kavu.

Chambo cha namna hiyo hukaa siku kadhaa kwenye kivuli, na kwenye jokofu hukaa majuma. Kikiingizwa katika friza ya nyumbani kinaonyesha sifa nyingine ambayo mimi huithamini sana: hakigandi kikawa jiwe. Maji yaliyoshiba chumvi hayagandi yote hadi yafikie nyuzi 21 chini ya sifuri, na friza zetu kwa kawaida huishia 18, kwa hiyo vipande hubaki vikipindika na unaweza kuchukua vile unavyovihitaji na kuviacha vingine bila kuyeyusha kopo zima. Kabla ya kukitumia, kichovye kwa dakika chache katika maji ya bahari ili kilainike na harufu ianze kutoka. Kitu kimoja cha kuangalia ni uwaridi unaotokea juu ya samaki waliotiwa chumvi na kuachwa kwenye joto. Husababishwa na vijidudu vinavyopenda chumvi, ambavyo huja na chumvi yenyewe ya mashambani, na dawa yake ni baridi.

Ngisi huchukua chumvi vizuri pia, lakini hahitaji nyingi. Mkono mmoja wa chumvi kwa kilo, akakaa usiku mmoja, unatosha kumkaza bila kumgeuza kuwa mpira. Kamba hutiwa chumvi akiwa na ganda lake. Pweza sina la kusema sana juu yake, kwa sababu mkono wa pweza hukaa kwenye ndoana hata ukipuuzwa, na huo ndio ubora wake wote. Anayewanunua au kuwatafuta mwenyewe akumbuke tu kwamba Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 za Tanzania zinakataza kumvua pweza aliye chini ya gramu 500, na kisingizio cha kwamba ni wa chambo si wa kula hakimo.

Kwa wanaorambaza wakimtafuta nguru au sulisuli habari ni tofauti kidogo, kwa kuwa hao humtaka samaki mzima anayeogelea nyuma ya chombo kana kwamba yu hai, na chuchunge ndiye anayependwa kuliko wote kwa kazi hiyo. Chuchunge hatiwi chumvi kavu. Kwanza hubonyezwa tumbo taratibu kuelekea mkiani ili kinyesi kitoke, vinginevyo tumbo litapasuka likivutwa majini. Kisha hulazwa amenyooka, wala si kwa kukunjwa, katika rojo la maji ya bahari, barafu na chumvi nyingi, kiasi cha chumvi nyingine kubaki chini bila kuyeyuka, na hukaa humo usiku kucha. Anayetoka akiwa amepinda kwa sababu alibanwa ndani ya ndoo ndogo atazunguka-zunguka akivutwa, atasokota uzi, na hakuna samaki mwenye akili atakayemfuata.

Friza ninaipitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wanayo na wanaitumia. Friza ya nyumbani hugandisha polepole, na kuganda polepole hutengeneza chembe kubwa za barafu ndani ya nyama, ambazo hupasua seli zake. Ndiyo sababu kibua aliyegandishwa hutoka amelegea. Ngisi huvumilia zaidi ya wote. Kwa hiyo anayegawa kazi vizuri hugandisha ngisi na pweza, na huweka chumvi kwenye vibua na dagaa. Gawa chambo katika vifungu vya safari moja moja, tandaza kila kifungu kikiwa chembamba ili kigande upesi, na toa hewa kadiri uwezavyo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mifuko ya rambo, lakini Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli haikuwa mifuko mizuri kwa kazi hii, kwani ilipitisha hewa na kupasuka. Makopo bapa ya plastiki yenye vifuniko, yale yanayouzwa kwa ajili ya chakula, hufaa zaidi na hudumu. Samaki wenye mafuta wasikae humo kwa miezi. Wakianza kuwa na rangi ya kutu pembeni, mafuta yamechacha.

Umeme unapokatika usifungue friza kuangalia. Chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa maji ya bahari na kugandishwa, ukiacha nafasi juu ili zisipasuke, huisaidia friza kuvumilia saa nyingi, na asubuhi ya safari chupa hizo hizo huingia katika deli zikawa barafu isiyomwaga maji juu ya chambo. Chambo kilichoyeyuka kabisa hakirudishwi katika friza, ila hutiwa chumvi, kama bado harufu yake inaruhusu. Na kuyeyusha nako kuna namna yake. Kitoe friza usiku, ukiweke ndani ya deli, kiyeyuke chenyewe kwenye baridi. Anayekiweka juani au chini ya bomba kwa sababu amechelewa anaibomoa kazi yake yote mlangoni mwa safari.

Chambo kilicho hai ni sura nyingine. Kaa wadogo wanaobeba makombe ya konokono ndio rahisi kuliko wote, maana hukaa siku kadhaa katika ndoo kavu yenye gunia lililoloweshwa maji ya bahari, mradi iwe kivulini na waliokufa waondolewe kila siku. Minyoo ya tope la mikoko, ambayo Gazi na Mida katika pwani ya Kenya wapo watu wanaojipatia riziki kwa kuichimba, hutaka mchanga au mwani wenye unyevu wa bahari, mahali pa baridi, na isirundikwe. Mmoja akikatika na kufa huwaharibu wenzake haraka, na tone la maji ya mvua huwamaliza. Wachimbaji wenye uangalifu hulirudisha tope mahali pake, kwa sababu mizizi ya mikoko ikiachwa wazi mti hufa, na bila mti hakuna minyoo.

Samaki wadogo walio hai hufa kwa kukosa hewa kabla ya kitu kingine chochote. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na ndoo ya chuchunge kumi juani huwamaliza kwa muda mfupi. Mwenye chombo kilichotia nanga anaweza kuwaweka katika tenga lenye kifuniko lililoning'inizwa ubavuni, wakapata maji mapya bila mtu kuhangaika. Kinachofanyika katika ngalawa inayotembea ni kubadilisha nusu ya maji mara kwa mara, kuwaweka wachache, na kutowashika kwa mikono mikavu. Popote unapokusanya, fahamu mipaka. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, haikusanywi hata kome, na kwetu Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975.

Ndani ya chombo, taratibu chache huokoa chambo kingi. Deli la chambo liwe tofauti na la vinywaji na la samaki mtakaokula. Kila mvuvi atolewe kiasi cha nusu saa katika kopo dogo, likafunikwa kwa kitambaa chenye maji ya bahari, na deli lifungwe. Kisu kiwe kikali, kwa maana kisu butu hupondaponda, na kilichopondeka ni zawadi kwa bunju. Anza na kile kisichovumilia, yaani dagaa na kamba, kisha ngisi, na vipande vya chumvi vibaki kwa saa za mwisho ambapo barafu imekwisha na jua limekaza.

Naongeza neno juu ya afya, kwa sababu nimeona chambo kikiishia jikoni siku ambazo bahari imekataa. Vibua, sehewa na jodari waliokaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo humletea mlaji wekundu wa uso, muwasho, kuumwa kichwa na mapigo ya moyo kwenda mbio, na histamini hiyo haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kutia ndimu. Samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka vibaya. Kwa hiyo kibua aliyeshinda katika kopo la chambo haliwi na mtu, hata angeonekana mzima namna gani.

Mkirudi, kilichobaki kigawanywe kabla ya kushusha vyombo vingine. Kilichobaki ndani ya deli bila kuguswa, kikiwa bado baridi, hutiwa chumvi jioni ile ile na huandikwa tarehe kwenye kifuniko. Kilichokaa katika makopo madogo ya wavuvi hutupwa huko nje kwenye maji ya kina, si ufukweni wanapooga watoto. Makopo na deli huoshwa kwa maji ya bahari kwanza, halafu sabuni, kisha huanikwa vikiwa wazi, maana kifuniko kikifungwa juu ya unyevu harufu itakayotoka safari ijayo haitatoka tena kwa sabuni yoyote inayouzwa Kariakoo.